Kujaa Si Kufaa: Habari ya Mashine Yetu Iliyokwama Kilwa

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmefika afisini, na wengine mmetusimamisha njiani na mlangoni mwa msikiti, mkitaka kujua kwa nini majamvi ya kuanikia karafuu yalichelewa msimu huu, na kwa nini daftari la hesabu lina fungu la matengenezo ya chombo ambalo halikupitishwa na mkutano. Ni haki yenu kuuliza. Kamati imetuagiza tuandike habari yote bila ya kuficha kitu, nasi twaiandika. Atakayeisoma mpaka mwisho ataona kwamba kosa halikuwa la bahari, wala la upepo, wala la fundi. Kosa lilikuwa la sisi wa afisi, na lilitokana na kutojua jambo moja dogo juu ya mafuta ya mashine.

Chombo chetu mnakijua. Ni mashua ya mbao yenye mashine ya dizeli ya silinda mbili, iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950. Ni mashine nzito, ya mwendo wa polepole, yenye gurudumu kubwa la chuma na hendeli ya kuwashia kwa mkono. Wako wanaosema kwamba ni chuma chakavu. Sisi hatusemi hivyo. Haina vidude vya umeme vya kuharibiwa na maji ya chumvi, na fundi mwenye spana chache aweza kuifungua na kuifunga pwani pasipo karakana. Lakini ina sharti moja: yataka mtu wa kuitazama kila siku. Mashine za siku hizi zikipata taabu huwasha taa au hupiga kengele. Hii yetu haisemi kitu ila kwa mtu anayejua kuisikiliza.

SAFARI

Mwishoni mwa mwezi wa Mei tuliondoka kwenda pwani ya Kilwa kununua majamvi. Kusi ilikuwa imekwisha kushika. Kila baharia ajua kwamba kushuka kusini wakati wa kusi ni kupambana na mambo mawili: upepo, na mkondo wa maji ambao katika pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na katika miezi hiyo huzidi nguvu. Wazee waliokuwa wakingoja kaskazi ndipo washuke Kilwa na Lindi, na kungoja kusi ndipo warudi, hawakuwa wajinga. Sisi tulitegemea mashine, na majamvi yalitakiwa kabla ya uchumaji kuanza mwezi wa Julai. Basi mashine ikasukuma usiku na mchana bila ya kupumzika.

Tulipokwisha kukipita kisiwa cha Songo Songo na kuelekeza omo Kilwa Kivinje, fundi wetu alisikia mlio mpya. Ndani ya mngurumo wa kawaida kulikuwa na mgongo mwingine, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha mlango kwa ndani. Akaitazama geji ya mafuta. Kioo chake kilikuwa kimeingia ukungu tangu zamani, na sindano haikuonekana vizuri. Akapanda juu akasema, "Nahodha, tuzime."

Sisi tulikuwemo chomboni. Tulimwambia achomoe kijiti cha kupimia. Akapunguza mwendo, akakichomoa, na mafuta yalikuwa juu ya alama. Tukamwambia, tena kwa sauti ya mtu aliyeshinda, "Mafuta yamejaa, fundi. Twende tu. Kivinje hiyo hapo."

Haikupita nusu saa mashine ikafuka moshi penye mdomo wa kutilia mafuta, ikakaza, ikasimama. Fundi alijaribu kuzungusha gurudumu kwa hendeli, halikutikisika hata kidogo. Tukaanza kuchukuliwa na maji kurudi tulikotoka. Mashua ya wavuvi wa Songo Songo ndiyo iliyotuona, ikatufunga kamba, ikatuvuta mpaka Kivinje tukaingia na maji ya jioni. Walitutoza bei ya dizeli waliyotumia tu, na Mwenyezi Mungu awalipe zaidi.

ALICHOKIONA MZEE WA KIVINJE

Pale Kivinje maji yakipwa bahari hurudi mbali, na vyombo hulala juu ya tope. Asubuhi chombo chetu kililala, nasi tukaulizia fundi wa kutusaidia. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya mashine za vyombo tangu ujana wake. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kwenye ukingo wa chombo wala hakushika spana. Aliomba kitu kimoja tu, kijiti cha kupimia mafuta.

Alipopewa hakutazama alama. Alichukua tone baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, akalisugua polepole, kisha akanusa. Akampa fundi wetu naye anuse. Fundi wetu akanyamaza, akainamisha kichwa.

"Mlipima nini, wanangu?" mzee akauliza.

"Tulipima mafuta, mzee wetu. Yalikuwa yamejaa."

"Mlipima kina," akasema. "Mafuta hamkuyapima. Humu mmejaa dizeli."

Akatuonyesha ilikotoka. Ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini ina utando wa mpira ndani yake. Utando ulikuwa umepasuka kwa uzee, na kila pampu ilipopiga, dizeli kidogo ilipita katika ufa ikashuka chini kwenye bakuli la mafuta ya mashine. Kwa hiyo mafuta hayakupungua. Kila siku yaliongezeka, lakini yaliongezeka kwa wingi na kupungua uzito, kama tui lililotiwa maji: chungu kimejaa, na mchuzi hauna ladha.

Siku ya pili mashine ikafunguliwa. Beringi za krenki, ambazo ndani yake zina madini laini meupe, zilikuwa zimeyeyuka na kugandia kwenye chuma. Zikapelekwa Dar es Salaam kwa basi, kwa njia ya Nangurukuru na Daraja la Mkapa, zikamiminwe madini mapya na kuchongwa. Huku nyuma mzee na fundi wetu waliisugua krenki kwa mkono, wakaipima, wakaisugua tena. Tulikaa Kivinje siku 19.

KAZI YA MAFUTA

Katika siku hizo mzee alitufundisha jambo ambalo twadhani wanachama wengi, kama sisi, hawakupata kulisikia. Wengi wetu tunadhani mafuta ni utelezi tu, kama sabuni sakafuni. Mzee alituonyesha chombo chetu kilicholala juu ya tope, akasema: "Maji yakiwapo, mtoto mmoja aweza kukisukuma. Yakipwa, watu 20 hawakiwezi. Na krenki ni hivyo hivyo. Ikizunguka haikai juu ya beringi, inaelea juu ya mafuta. Mafuta yakiwa mepesi, ni maji kupwa. Chombo kinagusa mwamba."

Maneno haya ni sahihi kabisa, na hata wataalamu hawakuyajua ila baada ya kuyaona kwa macho. Mwaka 1883 Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, alikuwa akizijaribu beringi za magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie mafuta, akashangaa kuona mafuta yanapanda na kumwagika kutoka katika tundu lile. Akaliziba kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Hapo ikatambulikana kwamba shafti inapozunguka huyavuta mafuta chini yake kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoinyanyua shafti isiguse chuma cha pili. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaandika hesabu za jambo hilo, na mpaka leo watengenezaji wa mashine wanazitumia.

Utando huo wa mafuta ni mwembamba kuliko unywele. Unabeba mzigo wote wa mashine, na mzigo wa mashine ya dizeli si mchache. Mashine ya dizeli haina cheche ya kuwashia. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ambaye mashine yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, aliijenga juu ya wazo hili: hewa ikikandamizwa sana hupata moto wenyewe. Ndani ya silinda hewa hukandamizwa mpaka joto lake hupita digrii 500, ndipo dizeli inaporushwa humo ikawaka. Kila mpigo kama huo hushuka kwenye pistoni, ukaenda kwenye krenki, ukaishia kwenye beringi. Baina ya pigo na chuma hapana kitu ila utando ule.

Tena mafuta yana kazi nyingine. Huchukua joto kutoka mahali pasipofikiwa na maji. Hubeba masizi na uchafu yasikae penye njia. Huziba nafasi baina ya ringi za pistoni na silinda ili nguvu isivuje. Na mashine ikilala, hukinga chuma kisiliwe na kutu. Mafuta yaliyochanganyika na dizeli hayafanyi hata moja katika kazi hizo vile inavyotakiwa, na joto likizidi ndivyo yanavyozidi kuwa mepesi. Kwa hiyo mashine yetu, iliyosukumwa usiku na mchana dhidi ya kusi, ilikuwa ikijimaliza yenyewe, na kijiti kinatuambia kwamba kila kitu ni salama.

KOSA LETU

Sasa twafika penye jambo zito kwetu kuliandika.

Mwezi wa Aprili fundi wetu alituletea barua afisini. Aliomba debe moja la mafuta ya mashine, lita 20, na fedha za kununua vipuri vya pampu. Aliandika kwamba mafuta yaliyomo "yananuka". Tulifungua daftari la chombo tukatazama safu ya kipimo cha mafuta. Tuliona imeandikwa: yamejaa, yamejaa, yamejaa; na katika wiki mbili za mwisho: yamezidi alama. Basi tukaandika chini ya barua yake, "Mafuta yapo ya kutosha. Ombi lingoje msimu." Tukapiga mhuri. Na tusiseme uongo, tulifurahi moyoni, tukiona kwamba tumekiokolea Chama fedha.

Sisi tuliopita skuli, tunaojua kujumlisha na kutoa, hatukujiuliza swali ambalo mtoto wa chuoni angaliuliza: mashine inayofanya kazi kila siku, yawezaje kuzidisha mafuta bila ya mtu kuyatia?

Aibu yetu ni kubwa zaidi kwa kuwa sisi ni wakulima wa karafuu. Kila mmoja wetu ajua kwamba karafuu mbichi kilo 3 zikikauka hubaki kiasi cha kilo 1. Hakuna mnunuzi mwenye akili anayelitazama gunia kwa uzito wake peke yake. Hutia mkono ndani, akatoa karafuu moja, akaivunja. Iliyokauka hukatika kwa mlio, na yenye unyevu hupinda. Gunia lenye unyevu ni zito, limejaa mpaka mdomoni, na baada ya wiki chache limevunda. Twawafundisha watoto wetu jambo hili tangu wadogo, kwamba kujaa si kufaa. Lakini yale tunayoyafanya kwa karafuu hatukuyafanya kwa mafuta.

Hasara yake ni hii. Matengenezo, nauli za basi, na chakula cha watu kwa siku 19 vimezidi mara ishirini ya bei ya lile debe tulilolikataa. Majamvi yalifika uchumaji umekwisha kuanza. Wengine wenu mlianika juu ya mikeka mikuukuu, na wengine juu ya makuti. Mmoja wenu alitufungulia magunia mawili yaliyovunda kwa kukosa pa kuanikia mvua ilipokatika, wala hakutulaumu kwa neno. Alituonyesha tu. Heri angalitulaumu.

Na fundi wetu, watu wengi walimnyooshea kidole walipoona chombo hakirudi. Twasema hapa hadharani: yeye alisema kweli mara mbili, mara ya kwanza kwa barua na mara ya pili baharini, na mara zote mbili sisi tulimshinda kwa daftari. Twamwomba radhi mbele ya Chama kizima.

UZEE SI UGONJWA

Usiku mmoja tulimwambia mzee wa Kivinje kwamba labda dawa ni kuiuza mashine hii na kununua mpya, maana imezeeka. Alicheka, akatutajia Nachingwea. Marehemu baba yake alijifunza kushika spana huko.

Nachingwea iko barani nyuma ya Lindi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, katika sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Palijengwa reli mpya kutoka pwani ya kusini kwenda Nachingwea, na bandari mpya Mtwara. Matrekta yaliletwa kwa meli, mengi yao yakiwa yamekwisha kutumika katika vita. Watu wa kuyaendesha walipatikana upesi. Watu wa kuyatazama walikuwa wachache, na vipuri vilikuwa taabu, na katika mwaka wa kwanza matrekta mengi yalisimama. Mpango ule ulikuwa na sababu nyingi za kuanguka, mvua na udongo zikiwamo; lakini hii ya mashine kukosa watunzaji ilikuwa moja katika zile kubwa. Mwaka 1951 uliachwa, na pauni zaidi ya milioni 35 zikawa zimepotea. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962.

"Hawakukosa mashine," mzee alisema. "Walikosa mtu wa mashine."

Sisi tukakumbuka habari ya pili, ya Ziwa Tanganyika, ambayo ni kinyume cha hiyo. Meli ambayo leo twaijua kwa jina la Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Katika vita, mwezi wa Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mashine grisi nene kila mahali. Meli ikakaa chini ya maji mpaka mwaka 1924, Waingereza walipoiibua. Wakaikuta mashine ile ya mvuke ingali inafaa kutumika, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Mashine hiyo haikuondolewa mpaka miaka ya 1970, ilipowekwa dizeli mahali pake.

Tazameni basi. Mashine za Nachingwea zilikufa juu ya nchi kavu kwa kukosa matunzo, na mashine ya Liemba ilikaa majini miaka minane ikaishi kwa grisi. Uzee wa mashine hauhesabiwi kwa mwaka iliyotengenezwa. Huhesabiwa kwa siku ilizosahauliwa.

MAMBO YA KUSHIKA

Tumeyakusanya hapa mafundisho ya mzee pamoja na yale yanayojulikana na mafundi wote, yawafae wanachama wenye mashua zao, na hata wenye mashine za kusaga na za kuvuta maji.

1. Kabla ya kuwasha, chombo kiwe kimekaa sawa. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisafi, kitumbukize tena, ndipo usome. Soma mambo matatu: kina kwa macho, uzito kwa vidole, na harufu kwa pua. Rangi nyeusi peke yake si ubovu, maana mafuta ya dizeli huwa meusi kwa masizi baada ya saa chache tu. Yakiwa mepesi na yananuka dizeli, usiwashe. Yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe.

2. Kina kikipanda na hakuna mtu aliyetia mafuta, hiyo ni hatari kuliko kupungua. Kikipungua, pengine mafuta yanavuja au yanaungua. Kikizidi, kuna mgeni ndani. Ukiwa na shaka ya maji, dondosha tone juu ya bati la moto. Lenye maji litachacharika. Ukiwa na shaka ya dizeli, dondosha tone juu ya karatasi inayonyonya. Dizeli hutambaa mbali na kuacha duara jepesi nje ya doa.

3. Mashine iliyolala siku nyingi izungushwe kwanza kwa hendeli mara kadhaa bila ya kuwashwa, valvu zikiwa zimeachiliwa, ili mafuta yafike kila mahali.

4. Ikisha kuwaka, tazama geji ya mafuta papo hapo. Isipopanda, zima. Geji ambayo haisomeki ni sawa na kutokuwa nayo, na kioo chake si ghali. Mashine ipate joto kidogo kidogo kabla ya kupewa mzigo.

5. Sauti ikibadilika, zima kwanza, uliza baadaye. Kwa sababu hiyo chombo chenye mashine kisiondoke bila ya tanga, nanga na kamba nzuri. Mtu asiye na tanga huogopa kuzima mashine hata anapojua kwamba yafaa kuizima.

6. Mafuta yabadilishwe kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha mashine. Kitabu kikiwa kimepotea, saa 100 ni kipimo cha usalama kwa mashine ndogo za zamani. Yamwagwe yangali na joto, maana uchafu unakuwa haujatua chini. Chujio lisafishwe au libadilishwe wakati huo huo.

7. Kwa joto la pwani yetu, mafuta ya daraja la SAE 30 yanafaa mashine nyingi za zamani. Lakini angalieni: mashine iliyotumia kwa miaka mingi mafuta yasiyo na dawa ya kuosha isihamishiwe ghafla kwenye mafuta yenye dawa hiyo. Tope la zamani litang'oka na kuziba njia za mafuta. Kwanza bakuli lifunguliwe, lisafishwe, ndipo mafuta mapya yatiwe.

8. Msisahau mahali panapotiwa mafuta kwa mkono: mikono ya valvu ikiwa haifikiwi na pampu, vikombe vya grisi, na pale shafti ya rafadha inapotokea nje ya chombo. Kila siku moja ikiruka, kutu imepata siku moja.

9. Mashine inayopozwa kwa maji ya bahari isiachwe kuchemka. Maji yanayotoka ubavuni yakipita kiasi cha digrii 55, chumvi huanza kuganda ndani, na njia zikizibwa joto huzidi, na mafuta nayo huwa mepesi. Yasipotoka kabisa, zima.

10. Chombo kikipandishwa pwani kwa muda mrefu, mafuta yabadilishwe kabla ya kulaza mashine, si siku ya kuiamsha. Mafuta machafu yana asidi, na asidi hula chuma polepole wakati watu wamelala. Gurudumu lizungushwe kwa mkono kila wiki.

11. Mafuta machafu yasimwagwe baharini wala mikokoni, ambako samaki wetu huzaliana. Yatiwe debeni, yafunikwe, yarudishwe kwa wanaoyakusanya.

MAOMBI YA KAMATI

Katika mkutano ujao Kamati italeta mambo matatu yapigiwe kura. La kwanza, fedha za mafuta na vipuri vidogo ziwe fungu mbali, na fundi alitumie bila ya kungoja mhuri wa afisi, kisha alete risiti. La pili, fundi awe na amri ya kuzuia chombo kisiondoke, na amri ya kukizima baharini, na asiwepo mtu wa afisi wa kumpinga, sisi tukiwa wa kwanza. La tatu, daftari la chombo liongezwe safu mbili, ya uzito wa mafuta na ya harufu, na mwenye kuandika atie jina lake.

Najua wako watakaosema kwamba fungu hilo ni gharama. Tufikirieni wazee wetu. Kilwa ni bandari ambayo Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331, na vyombo vimekuwa vikiingia na kutoka huko tangu kabla yake. Mabaharia wa pwani hii walijua kwamba mbao hupakwa sifa, na tumbo la chombo hupakwa shahamu, kila msimu. Hakuna aliyesema, "Chombo kimeonekana kizuri, sifa ingoje mwakani." Aliyesema hivyo alirudi na maji katika ngama, au hakurudi.

Mashine yetu sasa inafanya kazi, na mlio wake ni ule wa zamani. Utando mpya wa pampu umetiwa, na wa akiba umo katika sanduku la fundi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua afisi, tunapita pwani. Fundi hutupa kijiti, nasi tunasugua tone baina ya vidole, tunanusa, ndipo tunaandika. Mwenye swali au shauri juu ya habari hii na alilete afisini, au alitoe mkutanoni. Safari hii tutasikiliza.

Wassalaam,
Katibu wenu